George Gallup na Wale Wasiojibu

Jina la Gallup wengi wetu tunalisikia kwenye taarifa ya habari, mtangazaji akisema utafiti wa Gallup umeonyesha hivi au vile, na ukiuliza darasani Gallup ni nini utaambiwa ni kampuni. Ni kweli ni kampuni. Lakini kabla ya kuwa kampuni alikuwa mtu, George Horace Gallup, mtoto wa mwalimu, mwenyewe mwalimu, na alipokuwa mwanachuo alihariri gazeti la wanafunzi. Nimeamua kumwandika kwa sababu siku hizi tunajazishwa fomu za mtandaoni karibu kila wiki, na huyu bwana alitumia maisha yake yote kuhangaika na swali ambalo fomu hizo zinalikwepa: majibu yakirudi kutoka mbali, yamerudi kutoka kwa nani?

Kabla sijaendelea, neno moja. Kwetu ukisema kura za maoni watu wanafikiria vyama vinavyochuja wagombea wao kabla ya uchaguzi. Hapa sizungumzii hizo. Nazungumzia utafiti wa maoni, yaani kuwauliza watu wachache ili ujue wengi wanawaza nini.

Gallup alizaliwa tarehe 18 Novemba 1901 katika mji mdogo wa Jefferson, jimbo la Iowa, huko katikati ya Marekani kwenye mashamba ya mahindi. Baba yake alikuwa mtu wa mambo yake mwenyewe: alifundisha, akaingia kwenye biashara ya ardhi, akajenga nyumba ya pande nane. Nyumbani mtoto waliyemwita George kama baba yake walimzoea kwa jina la Ted. Akiwa kijana alisambaza maziwa, na pesa ya maziwa akaanzishia gazeti la shule yake ya sekondari. Hapo tayari unamwona mtu atakavyokuwa.

Alisoma Chuo Kikuu cha Iowa, na huko ndiko alikohariri The Daily Iowan. Likizo ya mwaka 1922 alipata kibarua katika mji wa St. Louis, kugonga mlango baada ya mlango akiuliza watu wanasoma nini kwenye gazeti. Ni kazi ambayo yeyote aliyewahi kushika madodoso juani anaijua. Unauliza maswali yaleyale, unapata majibu yaleyale, na kufikia mlango wa arobaini unaanza kujiuliza kama kweli kuna haja ya kugonga milango yote ya mji. Inasimuliwa kwamba wazo lake lilianzia kwenye uchovu huo.

Alipomaliza shahada ya kwanza mwaka 1923 alibaki chuoni kufundisha uandishi wa habari huku akisoma. Mwaka 1925 alimwoa Ophelia Miller, mwaka 1926 akaanzisha Quill and Scroll, chama cha waandishi wa magazeti ya shule za sekondari ambacho kipo mpaka leo, na mwaka 1928 akapata shahada ya uzamivu. Tasnifu yake ndiyo ilinifanya nimpende. Ilihusu namna ya kujua wasomaji wanasoma nini hasa kwenye gazeti.

Hebu fikiria mwenyewe. Ukimuuliza mtu anasoma nini, atakujibu anasoma tahariri na habari kubwa za ukurasa wa kwanza, kwa sababu ndivyo anavyotaka aonekane. Gallup hakuridhika na majibu hayo. Alikaa na msomaji, gazeti zima likiwa mbele yao, wakalipitia ukurasa kwa ukurasa, safu kwa safu, msomaji akionyesha alichokisoma. Hali ikawa nyingine kabisa. Katuni na picha zilikuwa na wasomaji wengi kuliko zile habari nzito zilizokuwa zinatajwa kwa heshima. Sisi wa ualimu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Simama mbele ya kidato cha pili uulize kama wameelewa, darasa zima litaitikia ndiyooo. Kisha wape swali moja ubaoni uone.

Baada ya Iowa alifundisha kidogo Chuo Kikuu cha Drake, kisha Northwestern, na mwaka 1932 kampuni ya matangazo ya biashara ya Young & Rubicam ikamwita New York aongoze idara yake ya utafiti. Mwaka huohuo mama mkwe wake, Ola Babcock Miller, aligombea nafasi ya Katibu wa Jimbo la Iowa kwa tiketi ya Democratic, chama ambacho kwa miaka mingi hakikuwa na bahati huko. Alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kampeni hiyo inatajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyomvuta Gallup atoke kwenye magazeti na sabuni aingie kwenye siasa. Kama msomaji wa katuni anaweza kupimwa, mpiga kura naye kwa nini asipimwe?

Mwaka 1935 alianzisha taasisi yake huko Princeton, akaiita American Institute of Public Opinion. Akawauzia magazeti safu ya matokeo ya utafiti, na akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu: aliahidi kuwarudishia pesa yao yote kama mwaka unaofuata utabiri wake wa uchaguzi wa rais ungekuwa mbaya kuliko ule wa jarida la Literary Digest.

Jarida hilo lilikuwa mfalme. Tangu miaka ya 1920 lilituma kadi za kura kwa posta kwa mamilioni ya Wamarekani, likahesabu zilizorudi, likatangaza mshindi, na likapatia kila mara. Mwaka 1936 lilituma kadi milioni 10. Zilirudi karibu milioni 2.4. Mpaka leo ni vigumu kupata utafiti wa maoni uliokusanya majibu mengi kiasi hicho. Kadi zilisema Alf Landon wa Republican angepata asilimia 57, na Rais Franklin Roosevelt 43.

Gallup alikuwa na majibu machache mno ukilinganisha na hayo. Wahojaji wake walitawanyika nchi nzima, kila mmoja amepewa mgawo: wanaume wangapi, wanawake wangapi, wa umri gani, wa kipato gani, wa mjini na wa shamba. Madodoso yalirudi Princeton kwa posta, na siku za mwisho za kampeni majibu ya haraka yalikimbizwa kwa telegramu. Yakifika yaligeuzwa kuwa kadi zenye matundu, zikapitishwa kwenye mashine za kuhesabu za aina ile aliyoibuni Herman Hollerith kwa ajili ya sensa ya Marekani ya 1890. Ukitaka kujua babu wa fomu zetu za mtandaoni na programu za kwenye tableti, ni huyo: telegramu upande mmoja, kadi ya matundu upande wa pili.

Alisema Roosevelt atashinda kwa takriban asilimia 56. Halafu akafanya ufundi ambao kwa maoni yangu ni mzuri kuliko utabiri wenyewe. Mwezi Julai, kabla jarida halijatuma kadi zake, alitangaza hadharani kwamba kadi hizo zitasema Landon anashinda, na akataja kwa kiasi gani. Alichofanya ni kuchukua watu wapatao 3,000 kutoka kwenye orodha za aina ileile ambazo jarida lilizitumia, akawaandikia. Alipotea kwa takriban asilimia moja tu. Mhariri wa Digest alikasirika sana, na ukimfikiria utamwelewa, maana kijana wa Iowa alikuwa ametangaza matokeo ya utafiti wake kabla hajaufanya.

Roosevelt alipata karibu asilimia 61 na kushinda majimbo 46 kati ya 48. Miaka miwili baadaye Literary Digest lilikuwa limekufa.

Sababu inayofundishwa darasani ni orodha. Jarida lilichukua majina kwenye vitabu vya simu na kwenye daftari za wenye magari. Mwaka 1936 Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu karibu milioni 9 hawana kazi, na simu ya nyumbani ilikuwa kitu cha mwenye nacho. Maskini, ambao ndio walikuwa nguvu ya Roosevelt, hawakuwemo kwenye kitabu cha simu. Mpaka hapo ni rahisi.

Kuna sababu ya pili, haitajwi sana, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1937 wahojaji wa Gallup waliwauliza watu kama walipata kadi ya Digest na kama waliirudisha. Miaka mingi baadaye, 1988, mtafiti Peverill Squire aliyachambua majibu hayo upya, akaona kwamba hata kwa orodha ileile mbovu, kama kila aliyepata kadi angeirudisha, jarida lingemtaja Roosevelt kuwa mshindi. Waliomchukia Roosevelt walikuwa na hasira, na mwenye hasira hujaza kadi siku hiyohiyo na kukimbia nayo posta. Aliyeridhika aliiweka juu ya kabati. Kwa hiyo kulikuwa na matundu mawili kwenye ndoo, wasiofikiwa na wasiojibu, na wingi wa maji yaliyobaki haukusema chochote kuhusu yaliyovuja.

Sasa tuje hapa kwetu. Muhula uliopita ilizunguka linki kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa, ikiuliza kama matangazo yote yahamie mtandaoni na mbao za matangazo ziondolewe. Waliojibu wengi wao wakasema ndiyo. Taarifa iliyotolewa ilikuwa na asilimia nzuri tu na duara la rangi, lakini haikusema wamejibu wangapi wala hawakujibu wangapi. Mbao zikang'olewa. Yaani swali la nani ana intaneti liliulizwa kwa intaneti. Mwenye kitochi hakuiona linki. Mwenye simu janja ambaye bando limekata aliiona ikiwa imeshafungwa.

Kuna binti wa mwaka wa pili anakaa korido moja na mimi, anatumia kitochi. Tangazo la kusaini boom lilitoka mtandaoni Alhamisi na mwisho ulikuwa Jumatatu. Alizipata habari hizo Jumanne, kwenye foleni ya wali. Alisubiri awamu iliyofuata wiki tano nzima, anakula kwa mkopo kwa mama lishe wa getini, na mama lishe naye ana watoto. Ukienda kulalamika unaambiwa wanachuo wenyewe walichagua. Wanachuo gani?

Nirudi kwa Gallup, maana ushindi wa 1936 ulimpa jina ambalo lilikuwa kubwa kuliko mbinu zake. Taasisi kama yake zikaota Uingereza na Ufaransa. Mwaka 1940, pamoja na Saul Forbes Rae, alichapisha kitabu, The Pulse of Democracy, akitetea kwamba utafiti wa maoni unampa mwananchi wa kawaida sauti kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Alipoulizwa watu wachache wanawezaje kusema kwa niaba ya taifa, alipenda kutumia mfano wa supu: mpishi huonja kijiko kimoja, hamalizi sufuria. Mfano mzuri, ila mpishi yeyote anajua sharti lake. Lazima uikoroge kwanza. Supu isiyokorogwa, kijiko cha juu ni mafuta matupu.

Miaka hiyohiyo aliingia Hollywood, na hapa ndipo umeme ulipoingia kwenye kazi yake kwa namna ambayo ukiisoma unacheka. Alianzisha tawi la kuwapima watazamaji wa sinema, msaidizi wake akiwa Mwingereza David Ogilvy, yule aliyekuja kuwa jina kubwa kwenye matangazo ya biashara. Kampuni ya filamu ya RKO ilikuwa mteja, na Walt Disney pia. Watazamaji walikalishwa ukumbini, kila mmoja ana kidude cha kuzungusha mkononi: napenda sana, napenda, kawaida, sipendi. Waya zilikusanya mizunguko yote, na mashine ikachora mstari kwenye karatasi filamu ikiendelea, ukipanda pale watu walipofurahi na kushuka pale walipochoka. Hakuna kuuliza, hakuna kuandika, jibu linatoka kwenye vidole sekunde hiyohiyo. Tasnifu ya 1928 ilikuwa imepata mashine yake. Wenye studio walifurahi, waandishi wa filamu walichukia, na mimi nikiwa mtu wa kuandika naelewa kwa nini.

Lakini kwenye siasa supu yake haikuwa imekorogwa vizuri, na wapo ambao hakuwaonja kabisa. Gallup alijipa kazi ya kuwapima wapiga kura, siyo watu wote. Katika majimbo ya kusini Wamarekani weusi walizuiwa kupiga kura kwa sheria za hila na kwa vitisho, na kwa kuwa hawakupiga kura, kwenye mgawo wa wahojaji wake hawakuwepo ila kwa uchache sana. Ukisoma matokeo yake ya miaka ya 1930 na 1940 yakisema Wamarekani wanafikiri hivi, ujue mamilioni ya Wamarekani hawakuulizwa. Mtu aliyeliangusha jarida kwa kosa la kuwasahau maskini, naye alikuwa na watu wake wa kuwasahau. Wanaomsifu hulipita jambo hili harakaharaka. Mimi naona ni doa kubwa kuliko lile la 1948, ambalo kila mtu analitaja.

La 1948 ni hili. Rais Harry Truman alikuwa anagombea dhidi ya Thomas Dewey. Gallup, pamoja na wenzake wakubwa wa fani, alisema Dewey anashinda: asilimia 49.5 kwa 44.5. Mambo yakawa kinyume, Truman akapata karibu 50 na Dewey 45. Ile picha maarufu ya Truman akicheka, ameinua gazeti la Chicago linalotangaza ushindi wa mpinzani wake, ni ya siku hizo. Baadhi ya magazeti yalivunja mikataba na Gallup.

Baraza la utafiti wa sayansi ya jamii la huko liliunda kamati ya wataalamu, na watafiti wa maoni, Gallup akiwemo, wakafungua makabrasha yao yakaguliwe. Nampa heshima kwa hilo, kwa sababu rahisi ingekuwa kulaumu wapiga kura. Kamati iliona kwamba wahojaji waliacha kuuliza mapema mno, wiki kadhaa kabla ya kura, wakati watu walikuwa bado wanabadilika. Na iliona tatizo la mgawo wenyewe. Mhojaji akiambiwa tafuta wanaume saba wa kipato cha chini, atawatafuta wapi? Atakwenda anakojisikia salama, kwa wenye sura ya ukarimu, wanaokaa karibu na kituo cha basi. Mgawo unatimia, karatasi inaonekana safi, ila aliyechagua nani aulizwe ni mhojaji na miguu yake.

Dawa ilikuwa kumnyang'anya mhojaji uchaguzi huo. Maeneo yachaguliwe kwa bahati nasibu, ndani ya eneo nyumba zifuatwe kwa utaratibu uliopangwa ofisini, na mhojaji asiwe na ruhusa ya kuruka mlango kwa sababu kuna mbwa. Ni ghali, ni polepole, inachosha. Gallup, aliyekuwa ameshapita miaka arobaini na mwenye jina lililochafuka, aliingia kwenye njia hiyo. Na hesabu ilikuwa upande wake: watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli wanakupa jibu lenye kosa la takriban asilimia 3 juu au chini, hata kama nchi ina watu milioni mia moja. Milioni 2.4 waliojichagua wenyewe hawakupi uhakika wowote.

Kwa msomaji wa kwetu, mfano ulio karibu ni Sauti za Wananchi ya Twaweza, iliyoanza Tanzania Bara mwaka 2013. Walijua kabisa kwamba ukipiga simu tu utawapata wenye simu, yaani ni kitabu cha simu cha 1936 kimerudi. Kwa hiyo walianza kwa miguu. Walichagua kaya zipatazo 2,000 kwa bahati nasibu, wakazifuata zilipo, wakawapa wahojiwa simu na chaja ya sola, na baada ya hapo ndipo wakaanza kupiga kutoka kituo cha simu. Kwanza unamchagua mtu, kisha unamtafutia njia ya kumfikia. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunachukua njia tuliyonayo, halafu yeyote tunayemkuta humo tunamwita wananchi. Matokeo yao yamewahi kuwaletea matatizo na mamlaka, hasa 2018 yalipoonyesha kiwango cha kumkubali rais kimeshuka hadi asilimia 55 na wakaulizwa kuhusu kibali cha utafiti, lakini hiyo ni makala nyingine na mwandishi mwingine.

Nimeyaandika haya kwa sababu tumeshatangaziwa kuwa fomu nyingine inakuja. Safari hii ni kuhusu kuhamishia malipo yote ya mgahawa kwenye simu, pesa taslimu isipokelewe tena. Ninaomba isiende kwenye magrupu kama ile ya kwanza. Daftari la wanachuo wote lipo. Yachukuliwe majina 200 kwa bahati nasibu, hata kwa vikaratasi kwenye ndoo, wawakilishi wa madarasa wapewe majina hayo wawatafute mmoja mmoja, na asiyepatikana leo atafutwe kesho na keshokutwa, asiwekwe mwingine mahali pake. Kitochi hakifungui linki ila kinaita vizuri tu. Watu 200 kwa njia hiyo wanakupa kosa la kama asilimia 7, linatosha kabisa kujua kama wengi wanataka au hawataki. Na taarifa ikitoka iandikwe: tulitafuta wangapi, tukapata wangapi. Kazi hiyo ni ya wiki moja. Sisi wa ualimu tupo, tumefundishwa kuhoji, na wengine tumeshajitolea.

Gallup aliendelea na kazi mpaka uzeeni. Taasisi yake haikukubali kazi za kulipwa na vyama wala wagombea, na katika fani ile huo ulikuwa msimamo wa gharama. Alikufa kwa moyo tarehe 26 Julai 1984 huko Tschingel, Uswisi, alikokuwa na nyumba ya mapumziko ya kiangazi juu ya ziwa Thun, akiwa na miaka 82. Alizikwa Princeton. Mwaka 1988 kampuni iliuzwa kwa watu wa Nebraska.

Alipokufa, utafiti wa maoni Marekani ulikuwa unahama kutoka mlangoni kwenda kwenye simu, kwa kuwa sasa karibu kila nyumba ilikuwa nayo. Kitu kilichoiua Literary Digest kikawa ndicho chombo cha kazi. Wahojaji walikaa ofisini na kompyuta, namba zikapigwa kwa bahati nasibu, na kwa miaka kadhaa mambo yakawa mazuri. Kisha watu wakaacha kupokea namba wasizozijua. Kituo cha utafiti cha Pew kimeweka takwimu zake hadharani: mwaka 1997, katika kila namba 100, walipata mahojiano kwa 36. Mwaka 2012 wakapata 9. Mwaka 2018 zilikuwa 6. Zile kadi za Digest, katika kila 100 zilizotumwa mwaka 1936, zilirudi karibu 24.